Ini la Mngoni, Figo za Mhehe

Figo za Sevelina Kihwele hazikuwa na ugonjwa wowote, na hilo ndilo lililowakera madaktari wote waliomwona. Ini ndilo lililooza. Alizaliwa na virusi vya homa ya ini, vikamtafuna kimyakimya miaka hamsini, na la kuvunda halina ubani. Lakini figo! Figo zilikuwa nzima, safi, changa kuliko mwenyewe. Ungezitoa ukampandikiza mtu mwingine zingeamka na kuchapa kazi siku hiyohiyo. Ndani ya Sevelina zilikuwa zimegoma, hazitoi hata tone.

"Zimefunga duka," Dakta Zuwena alimweleza. "Mwenye duka akisikia fujo mtaani hufunga milango, si ndiyo? Bidhaa zimo, mwenyewe yumo, ila hafungui. Ini lako limelegeza mishipa yote ya tumboni. Damu imetuama huko, na figo zadhani mwili mzima umekauka. Basi zinajibana zisipoteze maji."

"Na nikizibembeleza?"

"Dawa zote tumeshazijaribu, hazibembelezeki. Zinataka zionje damu iliyopita kwenye ini zima."

Na damu ya namna hiyo ilikuwa imelazwa kitanda cha pili, inapiga kelele.

Mwenye damu hiyo aliitwa Kastori Mbano, Mngoni wa Namtumbo, mtangazaji wa mpira ambaye nusu ya nchi iliijua sauti yake na nusu nyingine ilikuwa imeshamzimia redio kwa kuchoshwa na makelele. Ini lake lilikuwa chuma. Figo zake ndizo zilizokufa, zimekaushwa na shinikizo la damu, na mashine ya kuchuja damu haikumfaa tena, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshasimama mara mbili akiwa amefungwa kwenye mashine hiyo. Figo za kuotesha nazo zilikuwa bado hazijawezekana. Maini yalioteshwa vizuri, ila kila figo waliyoijaribu ilitoka bonge la nyama lisilojua kazi yake.

Kwa hiyo huku palikuwa na mtu mwenye figo bila ini, kule mtu mwenye ini bila figo. Dakta Zuwena, Mpemba aliyepanda mpaka kwenye baridi ya Iringa akiwa na wazo ambalo kwingine kote walimcheka nalo, aliwatazama hao wawili akaona mtu mmoja mzima. Akawaunganisha.

Chombo chenyewe alikiita daraja. Mirija miwili iliyotoka kifuani kwa Sevelina ilipita kwenye kisanduku kilichokaa katikati ya vitanda na kuingia kifuani kwa Kastori. Ndani ya kisanduku mlikuwa na pampu na chujio. Chujio lilizuia zile chembe za damu zenye kupenda ugomvi, zisije zikakutana na kupigana. Vingine vyote vilipita, maji, chumvi, sukari na sumu. Ini la Kastori lingesafisha damu ya wawili, na figo za Sevelina, zikiona mambo yametulia, zingekojoa kwa niaba ya wawili.

Hayo ndiyo yaliyotarajiwa. Walikuwa wameunganishwa tangu jana, na asubuhi hii wodi nzima ilikuwa imeinama inatazama mfuko mtupu wa mkojo uliotundikwa ubavuni mwa kitanda cha Sevelina.

"Mabibi na mabwana," Kastori alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka koridoni, "uwanja umefurika. Mpira uko kwa figo ya kushoto. Anatazama huku, anatazama kule, hana haraka. Anampasia mwenzake wa kulia. Huyu naye amelala! Jamani, huyu Mhehe kamwamsheni!"

"Nyamaza, Mngoni. Unazitisha," Sevelina alisema.

"Nazitia moyo! Eeeh, anaondoka sasa, anaambaa, anaambaa, kamtoka mmoja, kamtoka wa pili..."

Ndani ya mrija kikatokea kitu cha rangi ya chai ya rangi. Kikasimama. Nesi Tulizo, msichana wa Kibena aliyekuwa amepiga magoti karibu na mfuko, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tone likateleza, likaning'inia, likaanguka.

"Gooooooli!"

Weee! Ungesikia vigelegele vilivyopigwa pale, ungedhani ni harusi. Nesi Tulizo aliruka, wafagizi wakaingia na mafagio yao wakicheza, na Dakta Zuwena, mama mtu mzima, aliketi sakafuni akalia kwa kwikwi huku anaushika ule mfuko kwa viganja. Tone la pili likaja, la tatu, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Sevelina aliyatazama maji yake mwenyewe yakishuka akacheka mpaka mirija ikatikisika. Hajawahi mtu kupendwa kwa kukojoa namna ile.

* * *

Ilibaki kidogo hayo yasitokee kabisa, na sababu ilikuwa matusi.

Siku ya kuunganishwa, Kastori aliposikia jina la mwenzake alikurupuka. "Kihwele? Mhehe? Dakta, umekosa watu wote duniani ukaniunga na Mhehe? Kesho nitaamka nabweka, kwa mbwa mliowala!"

"Na mimi kesho nitaamka nakimbia vita, kama babu zako," Sevelina akamjibu, ingawa wakati ule hata kuinua kichwa hakuweza.

"Babu zangu? Waulize wenu walijificha pango gani!"

Wodi ile ilikuwa na kifaa cha kusikiliza, kilichowekwa ili kuwalinda wagonjwa na ugomvi. Kikasikia, kikaita walinzi. Dakta Zuwena akaja mbio akiwa ameshaamua kuvunja mpango mzima, maana atawaungaje damu watu wanaochukiana kiasi kile? Nesi Tulizo ndiye aliyemshika mkono. "Dakta, hawa ni watani. Wahehe na Wangoni walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana. Ungewakuta wamenyamaza, hapo ndipo ungeogopa."

Baada ya lile tone la kwanza mambo yalikwenda kwa kasi. Macho ya Sevelina yaliyokuwa ya manjano yakarudi kuwa meupe, na tumbo lililofura maji likashuka. Kastori akaanza kula ndizi alizokatazwa kwa miaka, kila moja akiitangaza kabla ya kuimenya.

Kilichomshangaza Sevelina zaidi ni furaha. Yeye alikuwa mpima ardhi, tena mwoga wa kuzaliwa. Marehemu mumewe alikuwa akisema ukitaka Sevelina avuke barabara, mwambie tangu jana. Sasa huyohuyo alikuwa akiamka anaimba, anawatania madaktari, anasema akipona atapanda ndege kwenda popote itakakokwenda. Alidhani ndivyo afya ilivyo, na kwamba miaka yote ile kumbe alikuwa hajawahi kuionja.

Mpaka siku ya mechi. Kastori alikuwa ameweka spika ndogo sikioni, anasikiliza mwenyewe kimya. Sevelina alikuwa ameelekea dirishani anatazama milima. Hakupenda mpira wala hakujua kama unachezwa. Ghafla moyo wake ukaruka, viganja vikalowa jasho, na kabla hajajua analosema akapiga ukelele, "Piga!"

Kastori akageuka taratibu. "Umejuaje kuna penalti?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Dakta Zuwena, aliyekuwa anapima kisanduku, hakucheka. Alivuta kiti akaketi kati yao.

"Mwaona? Hili nililijua tangu mwanzo, sikupenda tu kuwatisha. Furaha, hofu, hamu, haviishi kichwani peke yake. Juu ya kila figo pana tezi ndogo, inamwaga dawa zake damuni, na moyo unatii. Chujio langu halizizuii hizo. Anachohisi huyu kinamfika na huyu. Ndiyo maana nina kanuni moja na siivunji kwa lolote. Mtu aliyeunganishwa hatoi ridhaa juu ya jambo linalomhusu mwenzake, maana siwezi kujua ni nani anayesema."

"Mimi nikisema utanijua tu," Kastori alisema. "Nikipaza sauti, ndege wanahama miti."

* * *

Ini jipya la Sevelina lilikuwa likioteshwa kwenye vyumba vya chini, kwa chembe za mwili wake mwenyewe. Wauguzi walipaita shambani. Siku aliyopanda Dakta Zuwena kutoka shambani, anatembea karibu kukimbia, mtandio umemtoka kichwani, kila mtu alijua kabla hajafungua mdomo.

"Limekomaa, Bi Sevelina! Zuri, jekundu, latoa nyongo yake lenyewe! Kesho asubuhi tunakupandikiza."

Vigelegele vikapigwa tena, na Kastori ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Anjelista, binti wa Sevelina, alimkumbatia mama yake bila kujali mirija. Alikuwa na mimba kubwa, na miezi yote hiyo alikuwa akimwambia mtoto aliye tumboni asitoke mpaka bibi yake apone.

Sevelina akauliza, "Na Kastori?"

Vigelegele vikakatika.

"Kastori dakika zake za nyongeza zimekwisha," mwenyewe alijibu. "Refa ametazama saa. Tumecheza vizuri, tusilalamike."

Dakta Zuwena hakuweza kumtazama mtu. Akipandikizwa ini, Sevelina ataondolewa darajani, kwani ini changa halistahimili damu ya wawili. Kastori atabaki bila figo, na hakuna mwingine aliyepatikana wa kumwunga naye. Ataishi siku chache tu.

"Nampa figo moja," Sevelina alisema.

"Sikusikia."

"Nimesema nampa..."

"Bi Sevelina, sikusikia, na siruhusiwi kusikia! Umeungwa naye. Damu yake imo ndani yako inataka kuishi, na hilo si kosa lake, damu zote zataka kuishi. Na baada ya upasuaji nitakulaza kwa dawa wiki mbili. Ukiamka useme unatoa, utampa nani?"

Sasa msomaji, hapo ndipo penye mfupa. Akisema leo, neno lake si lake. Akisema neno lililo lake, mtu atakuwa ameshazikwa. Dakta Zuwena aliitunga kanuni ile yeye mwenyewe, kwa nia njema, na sasa ilikuwa inamkaba koo.

"Mama," Anjelista alisema, na sauti yake ilikuwa inapanda, "wewe? Wewe ambaye kiatu tu unakwenda dukani mara tatu ndipo ununue? Leo unagawa figo kama unagawa karanga? Huyu si wewe. Shikamoo mzee Kastori, unisamehe, lakini anayesema ni wewe!"

"Marahaba, mwanangu," Kastori alijibu kwa upole. "Hata mimi nimehofia hivyohivyo."

Sevelina hakukasirika. Lile neno la bintiye alikuwa nalo moyoni tangu siku ya mechi. Alimgeukia daktari. "Lifunge daraja."

"Nini?"

"Lifunge. Dawa za tezi zake zinachukua muda gani kuniisha damuni?"

"Kama saa nzima, ukitaka nikuamini. Lakini figo zako zitaonja tena damu ya ini bovu. Zikishtuka zikafunga, kesho utaingia upasuaji bila figo, na huenda usiamke. Hapo ataondoka yeye, utaondoka na wewe!"

"Nimesikia. Lifunge."

Dakta Zuwena alisimama akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akanyoosha mkono akageuza kiwashio cha pampu, na mlio mdogo waliouzoea mchana na usiku ukanyamaza.

* * *

Furaha ndiyo iliyotangulia kuondoka. Sevelina aliisikia ikimtoka, wimbo ulioganda mdomoni, hamu ya ndege, hamu ya ndizi. Kumbe vyote hivyo vilikuwa vya Kastori! Mtu aliyekuwa anakufa ndiye aliyekuwa akimlisha uchangamfu. Alitaka kulia kwa aibu, kisha akangoja. Alijua kinachofuata ni hofu kuondoka, ile hofu ya kifo aliyodhani inatoka kitanda cha pili, inayomwambia mpe figo, mpe, mpe.

Hofu haikuondoka. Ilikuja. Ilipanda kutoka tumboni ikakaa kifuani, vidole vikaanza kutetemeka, meno yakagongana. Aliiona meza ya upasuaji, akajiona amebaki na figo moja na ini jipya, akamwona mjukuu anazaliwa bibi hayupo. Alitaka kupiga kelele wamwache na viungo vyake vyote.

Saa ilipotimia, Dakta Zuwena alikuwa ameshika kipimo kwenye kidole cha kila mmoja, na macho yake yalikwenda huku yakirudi kule kama haamini.

"Bi Sevelina, hofu yako imepanda maradufu."

"Na mimi?" Kastori aliuliza.

"Wewe... huna. Karibu huna kabisa."

Kastori alikitazama kidole chake chenye kipimo. Kisha akaangua kicheko. "Kumbe! Kumbe ule uoga wa usiku ulikuwa wako, Mhehe! Najigeuza, najigeuza, najiuliza Kastori, wewe uliyeona moyo wako ukisimama mara mbili, leo unaogopa nini? Kumbe nabeba mzigo wa watu!" Alijifuta macho. "Basi Dakta, mpira umekwisha. Mimi siogopi, na yeye, hebu mtazame anavyotetemeka. Nichukue figo ya mtu anayetetemeka hivi? Nikienda Namtumbo nitawaambia nini watu? Sitaki. Na mpokeaji naye lazima akubali, au siyo?"

"Ndiyo," Dakta Zuwena alisema kwa shida.

"Asante, mzee wangu," Anjelista alisema huku analia. "Mungu akubariki."

"Nyamazeni wote," Sevelina alisema.

Wakamgeukia.

"Huyu anayeogopa ni mimi. Namjua. Nimeishi naye tangu nizaliwe. Yule aliyekuwa anaimba hapa sikumfahamu, na neno lake mlifanya vizuri kulikataa. Sasa nimerudi. Daktari, niulize."

"Bi Sevelina Kihwele," Dakta Zuwena alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "kwa damu yako mwenyewe, wataka nini?"

"Itolewe ya kushoto, apewe Kastori."

"Mama, unatetemeka!"

"Natetemeka, ndiyo! Kwani nani alikwambia mtu hutoa akiwa hatetemeki? Nilikuzaa natetemeka."

"Dakta," Nesi Tulizo alisema kutoka chini alikokuwa amepiga magoti, "matone yanapungua. Dakta, yamesimama."

Wote wakautazama mfuko. Figo zilikuwa zimeanza kufunga milango.

"Kubali, Kastori!" Dakta Zuwena alipiga kelele, kanuni zote zimemtoka kichwani. "Au kataa, lakini sema sasa, nifungue!"

"Nimeshasema sitaki!"

Sevelina alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono unaotetemeka juu ya kisanduku, akakamata blanketi la Kastori akalivuta lote. Kastori akabaki na shati la hospitali, magoti nje, katika baridi ya Julai ya Iringa.

"Nimelinyakua," Sevelina alisema huku akihema. "Ukombozi wake ni figo. Unachukua figo yangu, nakurudishia blanketi lako."

"Mhehe, huo ni wizi!"

"Shitaki."

Dakta Zuwena aligeuka huku na huku. "Nini hiki? Tulizo, wafanya nini hawa?"

"Ni halali, Dakta," Nesi Tulizo alisema, machozi yanamtiririka. "Mtani akikunyakulia kitu, hukidai wala huendi polisi. Unakikomboa kwa anachotaka yeye. Hata msibani hunyakua, na mfiwa analipa. Akikataa, ukoo wake wote utachekwa mpaka kaburini."

Kastori alimtazama yule mwanamke aliyekumbatia blanketi kifuani, meno yanagongana, macho yamemtoka kwa hofu, lakini mkono haulegei. Midomo ikamcheza. Akauvuta upindo wa shati magotini, lakini haukufika.

"Figo zangu zinafunga, Mngoni," Sevelina alisema. "Naogopa sana. Fanya haraka."

"Nipe blanketi langu," Kastori alisema.

Anjelista ndiye aliyelichukua kwa mama yake. Alisimama nalo kidogo katikati ya vitanda viwili, kisha akalitandaza juu ya miguu ya Kastori na kulichomekea pembeni.

"Umekubali?" Dakta Zuwena aliuliza, mkono uko kwenye kiwashio.

"Nimekomboa, nimekubali, nimeshindwa, andika unavyotaka! Fungua daraja hilo, Dakta. Uoga wote ule ataumaliza vipi peke yake? Lete nusu huku."

Pampu ikaanza kulia. Kastori alifumba macho, akaupokea ule uoga, na mikono yake ikaanza kutetemeka.